Mkono Dirishani

Juzi nilipanga foleni hospitali, kwenye dirisha la kuandikishia wagonjwa. Mbele yangu bibi mmoja wa shamba alipenyeza mkono ndani, apimwe mapigo.

"Bibi, hapa nnaandika majina tu," alisema nesi, msichana mbichi kabisa.

"Si wewe uliyeniuguza mwaka jana?"

"Ni mimi. Nliomba mwenyewe kutoka wodini. Kila nikimzoea mgonjwa huondoka, kwa miguu yake au kwa jeneza."

Bibi hakuurudisha mkono. "Basi ushike tu, mwanangu. Nyumbani hakuna anayenishika."

Nesi akaweka kalamu chini, akaushika kwa mikono miwili. Foleni ikanung'unika, na sauti kubwa ilikuwa yangu.

Zamu yangu ilipofika nilitaja jina, nikapewa kadi. Mkono wangu niliuacha mfukoni, kwa haya. Nyumbani kwangu Kikwajuni nako naishi peke yangu.