Chumba Kilichofungwa Makumbusho

Tulikuwa wanne: mimi, mwanangu anayenyonya, na mashoga zangu wawili ninaolima nao mwani Paje. Tulikuja mjini kutazama makumbusho. Kwenye chumba cha masultani mtoto akaangua kilio cha njaa.

"Shoga, mnyamazishe, watatutoa!"

Hapakuwa na pa kukaa ila kiti cha kale, kimezungushiwa kamba. Mlinzi akaja mbio. Nikageuka nitoke.

Akaifungua kamba. "Keti umnyonyeshe, dada."

Akasimama mlangoni, ametupa mgongo. Wageni wakafika.

"Chumba kimefungwa," akawaambia.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mwenyewe ashibe."

Wakubwa hufungiwa barabara wapite. Wangu alifungiwa chumba anyonye. Alicheua begani kwangu, si kitini, alhamdulillahi, na chumba kikafunguliwa.