Pampu Iliyopakwa Rangi ya Kijani

Magloire Kitenge alikuwa na karakana huko Panda, mjini Likasi, upande wa nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, na dada yake mdogo, Joëlle, ndiye aliyekuwa fundi mkuu humo ndani. Walikuwa wamebuni mtambo wa kupunguza na kuongeza upepo wa matairi lori likiwa linatembea. Dereva akiingia kwenye tope hashuki. Anavuta kijiti, matairi yanalegea na kutanuka, lori linapita, kisha pampu inayajaza tena. Wenye malori ya madini walikwisha kuanza kuuliza habari zake.

Ndipo jeshi likatangaza kwamba lina fungu la fedha la kusaidia kampuni za raia zenye ufundi mpya wa magari. Sharti kubwa lilikuwa kwamba kitu kiwe kimetengenezwa na kampuni yenyewe. Magloire akaomba, na wakaitwa kuonyesha kazi yao kwenye barabara mbovu karibu na Kapolowe.

Shida ilikuwa pampu. Joëlle aliisubu mwenyewe kwa kuyeyusha alumini ya pistoni chakavu. Ilisukuma upepo vizuri, ila ikipata moto ilianza kuvuja.

"Yaya, tuende nayo vile iko," Joëlle alimwambia kaka yake. "Tutabaelezea kama inavuja, na ju ya nini inavuja."

"Tuende ku jeshi na kitu chenye kuvuja? Batatucheka."

Joëlle alipokwenda Mulungwishi kwenye harusi, Magloire alishuka Lubumbashi, akanunua pampu ya kiwandani iliyotoka ng'ambo. Akalikwangua jina la walioitengeneza, akaipaka rangi ya kijani kama ile ya Joëlle, akaifunga chini ya lori. Alijiambia ni ya siku hiyo tu. Joëlle aliporudi, Magloire alimficha jambo hilo.

Huko Kapolowe lori liliingia kwenye tope hadi ungedhani halitatoka, likalegeza matairi, likapanda ng'ambo ya pili likinguruma na kuyajaza upepo tena. Askari wakapiga makofi. Hilaire, jirani yao wa parokia, aliyekuwa amekuja kuonyesha trela lake la kubebea maji, alimpiga Magloire bega kwa furaha.

Kanali aliyesimamia mambo yote alikuwa mwanamke, mhandisi wa magari, jina lake Mathilde. Alimwendea Joëlle moja kwa moja.

"Weye njo ulitengeneza pampu?"

"Ndiyo, mon colonel," Joëlle akajibu, uso umemng'aa.

"Fungua nione."

Joëlle akajilaza chini ya lori na spana yake. Aliifungua skrubu ya kwanza, kisha mkono ukasimama. Ile haikuwa skrubu yake. Aligeuza kichwa akamtazama kaka yake kati ya magurudumu, na Magloire akainamisha macho kwenye viatu vyake.

"Mon colonel," Joëlle akasema polepole, "iko moto sana. Tuache kwanza ipoe."

Kanali akakubali, akaenda kwenye trela la Hilaire.

Magloire alisikia masikio yakimwaka. Joëlle alikuwa mtu wa kumwambia mteja usoni kwamba gari lake halifai. Hakuna aliyewahi kumsikia akidanganya, hata kwa mzaha. Alimkuta akinawa mikono kwenye pipa la maji, amempa mgongo.

"Joëlle."

"Usiniseme kitu. Nilisema bongo, nikadanganya mbele ya bantu ju yako, yaya. Miye!" Aliendelea kunawa mikono ambayo ilikwisha kutakata.

Magloire alisimama pale akiwa hajui aiweke wapi mikono yake mwenyewe. Askari walikuwa bado wanampungia, wanamwita bingwa. Akatembea hadi kwa kanali, na mbele ya Hilaire na askari wote akasema pampu ile si yao, ameinunua na kuifuta jina, na dada yake hakujua.

Furaha ikamtoka Hilaire usoni. Kanali Mathilde hakupandisha sauti.

"Ile yenu iko wapi?"

"Iko Panda, mon colonel. Ilikuwa inavuja."

"Sasa weye ulifikiri fungu hii ni ya nini? Pampu zenye zimemalizika kutengenezwa tunazikuta ku duka. Tulikuwa tunatafuta ile yenye kuvuja, na muntu mwenye anajua ju ya nini inavuja."

Kampuni yao ikaondolewa siku hiyo hiyo. Kabla ya kuondoka, kanali alimwambia Joëlle kwamba anaweza kuomba tena, kwa jina lake mwenyewe. Joëlle alishukuru, kisha akapanda gari la Hilaire kurudi Likasi. Magloire aliendesha lori peke yake, na tope lilikuwa limekauka kwenye kioo lakini hakusimama kulifuta.

Siku hizi Joëlle anashughulikia pampu yake katika chumba cha nyuma cha karakana. Kaka yake alimpa chumba hicho na ufunguo wake, naye akaupokea. Wanasalimiana asubuhi. Mteja akimuuliza Magloire mtambo wao wa matairi umefikia wapi, anajibu, "Ile ni ya Joëlle, muulize yeye," kisha anajisukuma chini ya gari lililo karibu, hata kama hakuna kilichoharibika, anabaki humo mpaka mteja aondoke.