Kibanda cha Ndui

Juzi mjukuu wangu aligusa kovu la begani mwangu, nikarudi kwa mawazo kijijini Mnero, utotoni mwangu, mchana ule wa jua kali. Siku chache baada ya kuchanjwa, bega lilivimba, kipele kikajaa usaha. Niliamini mchanjaji amenipa ndui. Sikujua kuwa mwili wangu ulikuwa unajifunza kupigana nayo. Nikabeba mkeka, nikajifungia katika kibanda cha shambani alimofia mama mdogo kwa ndui, nisije nikamwambukiza mdogo wangu. Mle ndani mlinuka majivu na mavi ya popo. Nilijipapasa uso, nikitafuta vipele vingine.

“Usiingie, mama!” nilipiga kelele aliponifuata.

Aliingia, akafunua bega lake lenye kovu la chanjo. “Mama yako mdogo nilimuuguza humu humu, ndui haikunigusa.”

“Mbona yeye ilimuua?”

Mama alitazama ukuta. “Siku ya kuchanjwa alijificha.”