Aliyeharibu Maji

Bwana afya alipofika kijijini na sindano zake, wenzangu walimuuliza kama zinauma. Mimi nilimuuliza, ikishindwa dawa yako, lawama atabeba nani? Akacheka, akasema dawa ya serikali haishindwi. Nikauficha mkono wangu ndani ya kanga, nikarudi zangu nyumbani. Wakasema bibi huyu mkaidi. Mkaidi ndiyo, lakini dawa isiyoshindwa nilishaiona, na iliniulia mume.

Nilikuwa mke mchanga hapa Umwe vita vya Maji Maji vilipoanza. Wanaume walikuwa wamechoka kuchapwa viboko kwenye shamba la pamba la Wadachi. Habari ikavuma kwamba kuna mganga mwenye maji yanayoigeuza risasi ikawa kama tone la mvua. Mume wangu akaenda, akarudi na kipande cha mwanzi shingoni, maji yamo ndani. Dawa ile ilikuwa na mwiko: aliyeinywa asimguse mwanamke mpaka vita viishe.

Basi akahamia shambani, akawa analala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo tunamokaa kufukuza ndege na nguruwe. Mama mkwe, mjane mwenye wana wawili tu, hakuniamini. Akaleta mkeka wake chumbani kwangu, akalala mlangoni, miguu imevuka kizingiti. Chakula tukikipeleka pamoja, tunakiweka chini ya ngazi, tunaondoka. Nilikuwa na hamu na mume wangu, sioni haya kusema, na kila nikigeuza ubavu yule mama huamka.

Mume wangu alikufa katika mapambano ya kwanza, kwa risasi ya kifua. Wenzake walimzika hukohuko vilimani. Nikaingia eda. Machozi hayajakauka, wazee wakafika barazani kwetu pamoja na mjumbe wa mganga. Juu ya maji hakuna aliyeuliza neno. Waliniuliza mimi.

"Mwanamke, ulimfuata dunguni?"

"Wallahi sikumfuata," nikajibu kutoka ndani. "Mama ni shahidi yangu."

Wote wakamgeukia mama mkwe. Alikuwa akipepeta mchele, mikono ikasimama. Mwanawe mdogo, shemeji yangu, alisimama uani akisubiri jibu, maana naye alitaka kwenda vitani. Mama yake angesema kwamba sikutoka, ingejulikana kuwa maji hayazuii risasi, na kijana angebaki nyumbani.

"Mimi nilipitiwa na usingizi," akasema. "Sikuona kitu."

Mwongo mkubwa! Mjumbe akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Dawa haina kosa, mke ndiye aliyeiharibu. Tangu siku ile hakuna jirani aliyekunywa maji ya mtungi wangu, na shemeji akaenda kunywa dawa. Nilimchukia mama mkwe, na eda ilikuwa imenifungia naye nyumba moja.

Shemeji hakuwa na mke wala mchumba. Naye akafa. Nikajisemea, haya, safari hii watamsingizia nani? Nilidhani mjumbe ataona haya hata kupita njia yetu. Alikuja asubuhi, akakaa palepale pa mwanzo, akauliza nani alikuwa akimpikia marehemu. Akaambiwa mama yake. Ndipo akatoa mwiko ambao hatujapata kuusikia: chakula cha mpiganaji kisipikwe na mjane.

Eda au si eda, nilitoka mpaka barazani.

"Mwiko huo umezaliwa leo," nikamwambia. "Mama hana kosa. Mimi sina kosa. Wale marehemu hawakukosea lolote. Maji yenu ni maji tu ya mtoni."

Vijana wengine wa Umwe walikuwa wamekaa pale, mianzi shingoni, wananitazama. Nilimwona mmoja ameshika mwanzi wake kama anayetaka kuuvua. Nikamshika mama mkwe mkono ili tuseme pamoja. Akauchomoa.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. Hakuwa ameniita hivyo tangu msiba wa kwanza. Kisha akawageukia wazee. "Ni mimi niliyeharibu. Nimekosa, nisameheni."

Wazee wakainuka, na vijana wakawafuata, yule wa mwanzi pia.

Tulipobaki wawili nilimfokea bila adabu. Kwa nini, mama? Vijana wale wanakwenda kufa, na wewe ulikuwa na neno la kuwazuia! Mara ya kwanza ulinitupa mimi, sasa umejitupa mwenyewe, kwa faida gani?

Hakukasirika. Aliketi chini, akaegemeza kichwa ukutani.

"Kosa likiwa langu, wanangu wamekufa vitani," akasema. "Yakiwa maji tu, wamekufa bure."