Geji ya Kipkosgei

Kipkosgei hakuwa mtu wa kumsikiliza fundi. Geji ya joto ya pikapu yake kuukuu ilikufa zamani, na mwaka juzi injini ikamchemkia karibu na Sotik bila onyo, ikaunguza gasketi. Kwa hiyo Valary, bintiye wa pekee, alipomwambia kwamba Jumamosi angeondoka kwenda kuuguza wazee Kanada, Kipkosgei alinunua geji ya mtumba mjini Kericho, akaifunga mwenyewe. Alitaka afike Longisa, alikofanya kazi binti, kabla ya saa sita, amwombee kabla hajapanda gari la Nairobi. Esnah, mama yake Valary, alikuwa amefariki. Kazi hiyo ilibaki kwa baba.

Geji ya mtumba haiaminiki hivi hivi. Alichemsha maji kwenye sufuria, akatumbukiza sensa, kile kidude cha geji kinachohisi joto. Mshale ukasimama kwenye tisini na tatu, ukakataa katakata kusonga. Kipkosgei akacheka peke yake. Nani asiyejua maji huchemka kwa mia? Akauchomoa mshale kwa uma, akaupachika kwenye mia, kisha akajisifu, maana nyumbani hakukuwa na mwingine wa kumsifu.

Jumamosi aliondoka saa mbili asubuhi. Kabla ya Litein mshale ukagonga mia. Akasimama, akafungua boneti, akangoja nusu saa kando ya majani chai. Wachumaji walimpungia mkono, naye akatamani hata mmoja aje waongee. Mbele kidogo, mia tena. Alisimama mara tano, roho juu juu.

Alifika Longisa saa saba kasorobo. Valary alikuwa ameenda.

Jioni, akirudi, boneti ikiwa wazi tena, simu ikalia. Alikuwa Valary, akiwa uwanja wa ndege.

“Nisamehe, mama,” alisema. “Gari ilikuwa inachemka.”

“Ilimwaga maji, Baba? Ilitoa moshi?”

“Hapana. Ni geji ilisema mia. Na haidanganyi, niliipima na maji ya kuchemka, nikauweka mshale kwenye mia.”

“Baba, huko kwetu ni juu sana. Maji inachemka hata kabla ya mia. Tisini na tatu hivi. Geji ilisema mia ikiwa tisini na tatu, na hiyo ni joto ya kawaida kwa injini, maji yake iko na presha, haichemki. Gari ilikuwa sawa. Ungefika.”

Kisha abiria wakaitwa, simu ikakatika.

Kipkosgei akafunga boneti. Sasa angeweza kuendesha moja kwa moja bila kusimama, na hakuwa na pa kwenda ila nyumbani.