Ua la Mbilingani

Nakumbuka siku moja ya wazazi, miaka ya themanini, katika shule ya mdogo wangu Katana. Ndani ya maabara tulikuwa watano: Katana mwenyewe, Mwalimu Omari wa kemia, Shangazi Sidi, aliyetulea baada ya wazazi wetu kufa, Mama Rukia, mwenye hoteli mjini Malindi na mteja wetu mkubwa, na mimi, kifungua mimba, niliyeacha shule mapema nikawa nachuja majivu na shangazi. Chumvi ya majivu, ile ya kulainishia maharagwe, ndiyo iliyotulisha.

Mwanangu, kijana akijua jambo moja huona kajua yote. Mwalimu akiwa bado anawasalimu wazazi mlangoni, Katana alichovya waya katika chumvi aliyokuja nayo shangazi, akautia motoni. Moto ukawaka manjano.

"Manjano ni sodiamu," akatangaza. "Hii ni chumvi ya bahari. Ya majivu ina potasiamu, ingewaka zambarau."

"Ala! Sidi! Kumbe siku zote waniuzia bahari?" Mama Rukia akamaka.

"Nimechuja kwa mikono yangu hii, mwenzangu."

"Basi mikono yako ina mawimbi." Mama Rukia akajitanda buibui, akatoka.

Mwalimu akaja. "Katana, waya uliusafisha?"

"Niliupangusa kwa vidole, mwalimu."

"Vidole vya pwani, na joto hili! Jasho nalo ni chumvi."

Akauosha waya kwa asidi, akauchoma hadi moto ukaacha kubadilika rangi. Akachovya tena, kisha akampa shangazi kipande cha kioo cha buluu. "Sodiamu hata chembe hufunika rangi ya mwenzake, mama. Kioo hiki huizuia. Tazama."

Shangazi akakiweka jichoni. "Zambarau, kama ua la mbilingani," akasema.

Kesho yake tulimfuata Mama Rukia hotelini. Katana alieleza yote, akaomba radhi. Akajibiwa, "Jana ulisema ya moyoni. Leo umefundishwa." Maji yakimwagika hayazoleki. Hakununua kwetu tena, na wengine wakamfuata.

Mwanangu, kabla hujampima mwenzio, osha waya wako. Rangi ya kwanza kuonekana siyo yote iliyomo. Na neno usilolihakikisha usilitamke mbele ya watu. Mola akupe jicho la subira na ulimi mzito.

Shangazi alimsamehe Katana siku ile ile. Lakini alikufa bila kurudishiwa jina lake sokoni, na deni hilo, Katana na mimi, tungali nalo.