Nusu Yangu ya Khanga ya Mama

Mimi ni fundi cherehani wa Mwankoko, na nina kiburi na kazi yangu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilianza kushona kofia za wagonjwa kwa sababu ya roho nzuri. Nilianza kwa hasira. Siku hizi wanawake wananiletea kibarazani khanga kuukuu, zilizofuliwa mpaka zimelegea, ili niwashonee wagonjwa waliopoteza nywele kwa dawa za saratani. Huniambia Mungu anibariki, nami naitikia amina. Lakini moyoni najua baraka hizo zilipaswa kwenda kwa dada yangu kwanza.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, na dada, ambaye tayari alikuwa ameolewa Sepuka, alinichukua nikakae kwake. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, kwenye sanduku la mama kulikuwa na doti moja tu ya khanga iliyobaki ya maana. Shangazi aliitenganisha, kipande kimoja akampa dada, kimoja akanipa mimi. Cha kwangu kilibeba wanangu wote mgongoni. Cha dada sikukiona tena, nikadhani kilishaisha kwa kazi za shamba.

Kila Jumamosi dada alinikalisha mkekani katikati ya magoti yake, akanisuka. Alikuwa na mikono mizito na subira hana. "Inamisha kichwa," alikuwa akisema, na ukichelewa kitana kilikupata kisogoni. Nywele zake mwenyewe zilikuwa nyingi hivi kwamba wasusi wawili walizigawana na bado jioni iliwakuta hawajamaliza. Kanisani watu walimtambua hata akiwa amewapa mgongo.

Uvimbe wa titi ulipopimwa ukaonekana ni saratani, madaktari walimpangia dripu sita za dawa, moja kila baada ya wiki tatu, kwenye hospitali kubwa nje ya mkoa wetu. Akahamia kwangu, kwa kuwa kutoka kwangu kufika stendi ya mabasi si safari ya kumchosha mgonjwa. Dripu ya kwanza haikuwa hata imetimiza wiki tatu nywele zikaanza kubaki kwenye mto kwa mafungu. Shemeji alikuja kutoka Sepuka na wembe mpya, akamnyoa mke wake mwenyewe, polepole, uani. Mimi nilikuwa jikoni najifanya napepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Sasa, kwetu mwanamke mtu mzima aliyezoeleka na nywele zake akionekana ghafla ana upara, watu hawaulizi mara mbili. Wanajua amefiwa na amenyoa kwa ajili ya msiba. Dada alijitahidi kujifunga khanga, lakini kichwa kisicho na nywele hakishiki kitambaa, kinateleza tu. Na upepo wa Singida hauhitaji kualikwa. Siku chache baada ya dripu ya tatu alijisikia nafuu kidogo, akaenda sokoni kununua nyanya chungu. Upepo ukamvua khanga ukaipeleka mpaka kwenye meza ya dagaa.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Muuza dagaa alimrudishia khanga kwa mikono miwili, akampa pole ya msiba, akamuuliza ni nani aliyetutoka. Dada alishindwa kujibu, machozi yakamtoka, na kwa watu wa sokoni machozi yale yakawa ndiyo jibu.

Kabla ya saa tisa wakaja wanawake wanne wa mtaani. Wawili wamebeba unga wa mtama kwenye mabeseni, mmoja mzigo wa kuni, wa nne amebeba sura ya huzuni tu. Walivua viatu mlangoni, wakaketi mkekani kimya, na mmoja akaninong'oneza akitaka kujua kama maziko yatakuwa hapa au Sepuka. Nikawaeleza kwamba hakuna aliyefariki, kwamba dada anaumwa na anatibiwa, na dawa ndiyo iliyomwondolea nywele. Waliona aibu mpaka nikawahurumia. Walipoondoka walikataa kabisa kuurudisha unga, wakasema mtu harudi nyumbani na unga aliokwisha kuuingiza kwenye msiba. Tukala ugali wa msiba wa mtu aliye hai karibu wiki nzima. Mimi nilicheka peke yangu jikoni, Mungu anisamehe.

Dada hakucheka. Jioni ile, sahani iko mbele yake na hajaigusa, alisema, "Watu wameshanilia. Huko naenda kutafuta nini tena? Siendi."

Nilidhani ni uchovu. Lakini kesho yake alirudia, na keshokutwa. Dripu tatu zilikuwa zimebaki na ya nne ilikuwa baada ya siku kumi na mbili. Shemeji alimbembeleza. Mchungaji alikuja, akaomba, akanywa chai, akaondoka. Muuguzi mmoja wa kule hospitali, ambaye dada alimpenda, alipiga simu akamweleza kwamba kuiacha dawa katikati ni kuupa ugonjwa nafasi ya kurudi. Dada alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akakata simu, akasema haendi. Hakutaka kupanda basi watu wakampe pole ya kifo chake mwenyewe. Tangu siku ya sokoni hakutoka nje ya ua.

Ndipo nikakasirika. Nilikasirikia upepo, nikamkasirikia muuza dagaa ambaye hakuwa na kosa lolote, nikamkasirikia dada kuliko wote. Na mimi nikikasirika nashona.

Nilichukua kitenge kipya, kile kizuri nilichokuwa nimekificha kwa ajili ya sikukuu, nikamshonea kofia ya heshima, yenye marinda mbele kama kilemba cha mama wa bibi harusi. Ndani niliweka kile kitambaa kigumu cha kola ili isimame. Kipimo nilichukua kwenye kichwa changu mwenyewe, juu ya nywele zilizosukwa, nikapunguza vidole viwili kwa kukisia. Mtu atauliza kwa nini nisimpime mwenye kichwa, na yeye alikuwa amelala chumba cha pili. Sikuthubutu. Yule ni dada yangu mkubwa, namwamkia shikamoo kila asubuhi. Ni yeye aliyekuwa akikishika kichwa changu. Kumwambia lete kichwa chako nikipime kulinishinda.

Aliivaa kuanzia chai ya asubuhi mpaka adhuhuri. Kisha akaja kibarazani, akaivua, akaiweka juu ya cherehani. Kwenye paji la uso alikuwa na alama nyekundu ya kuzunguka, kama mtu aliyebeba mzigo kwa kamba.

"Ni nzuri sana, mdogo wangu," alisema. "Kamvalishe bibi harusi."

Nilinuna. Siku mbili sikumwambia neno zaidi ya shikamoo. Nilikanyaga pedali kwa kelele ili ajue. Siku ya tatu niliichukua ile kofia niifumue nisije nikapoteza kitenge, nikaigeuza ndani nje, na hapo mkono ukasimama. Miaka yote hii kazi yangu imekuwa kuficha ubaya ndani. Nje gauni linameremeta, na ndani kuna mafundo, ncha za uzi, mapindo magumu, mishono iliyorudiwa mara mbili. Mteja haoni, na ana shimizi yake, basi yamekwisha. Lakini kichwa cha dada hakikuwa na kitu cha kukikinga. Ubaya wangu wote nilikuwa nimeugeuzia kwake. Niliupitisha mshono ule kwenye kope la jicho langu nikiwa nimelifumba, ukanikwaruza.

Niliona aibu kweli. Nilikwenda moja kwa moja chumbani nikiwa na futi ya kupimia shingoni, nikamwamkia, nikamwomba anisamehe, na nikamwomba nimpime.

Alitoka akaketi mkekani, mimi kwenye kigoda, akaegemea magotini kwangu. Nilipotaka ainame sikuweza kumwamuru, nikasema naomba kidogo dada, kama ambavyo ningemwambia mchungaji. Kichwa chake kilikuwa cha moto na laini, na nilipokigusa niliisikia damu ikitembea. Nyuma ya sikio la kulia kulikuwa na kovu ambalo miaka yote nywele zilikuwa zimelificha. Nikamuuliza. Akasema alianguka na ndoo ya maji mwaka ule niliohamia kwake, alipokuwa akikimbia kwa sababu alikuwa ameniacha nyumbani na homa. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa nyuma yake na hakuuona uso wangu.

Kitambaa nilikijua bila kutafuta. Kipande changu cha khanga ya mama kilikuwa kimefuliwa mpaka maandishi yake yamefifia, huwezi kuyasoma, na kilikuwa laini kuliko kitu chochote dukani. Nilikitandaza mezani. Dada alikuwa mlangoni.

"Hiyo ni ya mama," alisema.

"Ni nusu yangu," nikamjibu, nikashika mkasi nikakata.

Safari hii nilishona kinyume na nilivyofundishwa. Mishono yote niliitoa nje, nikailaza, nikaifunika kwa utepe mwembamba wa khanga hiyo hiyo, ili upande mzuri uwe ndio unaogusa kichwa. Sikuweka lastiki, niliweka kamba mbili za kufunga kisogoni. Kila mshono niliujaribu kwenye kope la jicho. Uliokwaruza niliufumua. Kazi ya saa moja ikanila siku nzima, na wateja wawili wakanikasirikia kwa sababu ya sare zao za kwaya.

Dada aliivaa akatoka nayo kibarazani. Upepo ulijaribu, kofia haikusogea. Hakusema ni nzuri. Alirudi ndani akalala nayo mchana kutwa, na alipoamka paji lake la uso lilikuwa safi. Wakati wa chai aliniuliza basi la Jumatatu linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi. Nilimimina chai kwenye kisahani badala ya kikombe, na yeye akajifanya hajaona.

Walikwenda yeye na shemeji. Siku ya kurudi niliwahi stendi mapema kuliko ilivyohitajika. Basi likafika, shemeji akashuka na mabegi, na nyuma yake akashuka dada akiwa na upara mtupu juani, hana kofia, hana hata khanga.

Sikumwamkia. Niliuliza kofia iko wapi. Akasema kwenye kitanda cha jirani alikuwapo binti ambaye nywele zilimtoka wiki ileile, amejizungushia taulo kichwani na hataki hata mama yake amwone. Akamvika. Binti akalala.

"Umegawa khanga ya mama," nilisema, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Kabla hajajibu, mama mmoja muuza karanga aliyekuwa karibu alimtazama kichwa, akaweka sinia lake chini, akamshika mkono, akampa pole ya msiba. Nilifumba macho. Nilijua tumerudi palepale sokoni.

"Hakuna aliyekufa, mama," dada alimwambia. "Mimi ndiye naumwa. Nimetoka kutibiwa, na bado mara mbili."

Alilisema bila haraka, na yule mama akaushika ule mkono kwa nguvu zaidi, akasema pole ya ugonjwa, akamfungia karanga kwenye karatasi. Tukazitafuna njia nzima.

Nyumbani dada alifungua begi lake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka juu ya cherehani. Kilikuwa kipande chake cha khanga ya mama. Nacho kilikuwa kimefifia, lakini kilikunjwa vizuri. Nilimwambia nilidhani kilishaisha zamani. Akasema hapana, amesafiri nacho tangu dripu ya kwanza. Alikiweka chini kabisa ya begi na akamwelekeza shemeji kwamba akifia huko, afunikwe nacho.

Shemeji alikuwa anatazama nje ya dirisha.

"Sasa sikihitaji kwa kazi hiyo," dada alisema. "Kata. Shona zitakazotoka. Moja yangu ya safari mbili zilizobaki, nyingine nitawapata wa kuwapa, wako wengi kule."

Nilitaka kumshukuru. Nilitaka kumshukuru kwa ndoo ile na kovu lile, kwa kitana cha Jumamosi, kwa kuikataa kofia yangu nzuri nisiendelee kuwashonea wagonjwa upande mbaya, na kwa kupanda basi tena ilhali alikuwa amebeba sanda yake begini na mimi hakuniambia. Nilivuta kigoda, nikatandika mkeka, nikashusha futi kutoka shingoni.

Akaketi mbele yangu, mgongo kwenye magoti yangu.

"Inamisha kichwa, dada," nilisema.

Akainamisha.